Mfumo wa zamani ofisini: jinsi ya kuuhamisha bila kusimamisha kazi

Katika ofisi nyingi za Dar es Salaam kuna kompyuta moja iliyobandikwa karatasi kwa selotepu: USIZIME. Mara nyingi iko chini ya meza ya mhasibu, feni yake inapiga kelele, na ndani yake kuna programu iliyoandikwa zamani na kijana ambaye leo hapatikani kwenye simu. Programu hiyo ndiyo inayotoa ankara, ndiyo inayojua nani anadaiwa, ndiyo inayojua stoo ina nini. Kila mwaka bosi anasema safari hii tununue mfumo mpya. Zinaombwa proforma tatu, kikao kinaitishwa, kisha mambo yanaishia hapo mpaka siku kompyuta ikigoma kuwaka.

Mwongozo huu ni wa yule aliyekabidhiwa kazi hiyo, awe ofisa TEHAMA, mhasibu anayejua kompyuta kidogo kuliko anavyosifiwa, au meneja. Nitatumia mfano wa kubuni: kampuni ya kusambaza vifaa vya ujenzi, ofisi Gerezani, stoo Vingunguti. Mauzo na stoo viko kwenye FoxPro ya DOS, programu ya zamani ya kutunza data, tangu miaka ya 1990, mishahara iko kwenye Excel, na kuna tovuti iliyoandikwa kwa lugha ya PHP ambayo hakuna anayekumbuka iliwekwa wapi. Kama wewe uko SACCOS, shuleni au hospitalini, badilisha majina ya vitu. Kazi ni ileile.

Niseme msimamo wangu mapema. Mfumo wa zamani ndio maandishi pekee yanayoonyesha jinsi ofisi yenu inavyofanya kazi kweli. Mwongozo wa fedha ulioko kwenye kabati unasema lake, lakini programu ndiyo inayojua kwamba fundi wa Mbagala anapewa punguzo akichukua nondo zaidi ya tani moja. Anayeiona kama takataka ya kutupwa atailipia kazi hii mara mbili.

Hatua ya 1: Andika ulichonacho

Kabla ya kumpigia simu muuzaji yeyote, tengeneza orodha. Kwa kila programu andika: inafanya nini, iko kwenye mashine gani, imeandikwa kwa lugha gani na toleo lipi, data zake zinakaa wapi, msimbo chanzo (maandishi ya programu yenyewe) yuko nao nani, nywila ya msimamizi anaijua nani, na ikizimika asubuhi ya Jumatatu nini kitasimama. Swali hilo la mwisho ndilo litakalokupangia vipaumbele, kwa hiyo usilijibu peke yako. Muulize keshia, muulize mtu wa stoo.

Kisha weka tarehe za kifo. Windows 7 iliacha kupata marekebisho ya usalama Januari 2020. Windows 10 ikafuata tarehe 14 Oktoba 2025. Visual Basic 6 Microsoft waliacha kuihudumia Aprili 2008, Visual FoxPro Januari 2015, SQL Server 2008 Julai 2019. PHP 5.6, ambayo bado inaendesha tovuti kadhaa za hapa mjini, iliachwa mwisho wa 2018. Programu iliyopita tarehe yake inaweza kuendelea kufanya kazi miaka mingi. Tatizo ni kwamba tundu likigunduliwa hakuna atakayeliziba, na hilo linatisha zaidi pale mashine ilipounganishwa na intaneti.

Usisahau vifaa. Programu za DOS huchapa kupitia tundu la zamani la printa, lile pana lenye pini nyingi, ambalo kompyuta mpya hazina. Tena Windows ya biti 64 haiendeshi kabisa programu za biti 16. Ndiyo maana fundi anaweza kukuletea kompyuta mpya safi kutoka Kariakoo, akanakili folda yote, na programu ikakataa kufunguka hata mara moja. Fundi hana kosa.

Mwisho, tafuta mifumo ya kificho: mafaili ya Excel. Karibu kila ofisi yenye mfumo wa zamani ina faili la pembeni linaloziba pengo la mfumo huo, na mara nyingi linakaa kwenye flashi ya mtu mmoja. Hilo nalo ni mfumo. Liingize kwenye orodha.

Hatua ya 2: Kaa na wanaoutumia

Hatua hii hurukwa kuliko zote, na mimi naiona ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote. Chukua kiti, kaa pembeni ya karani mkongwe siku nzima, na ikiwezekana siku ya mwisho wa mwezi. Usiende na fomu ya maswali. Mazungumzo yataenda hivi:

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kuniondolea mashine yangu?"

"Hapana mama, nimekuja unifundishe. Hii nukta mbele ya jina la mteja ni ya nini?"

"Hiyo? Huyo hundi yake ilirudi benki. Ukiona nukta, hakopeshwi."

"Na nukta mbili?"

"Nukta mbili hata akija na fedha taslimu, mpigie bosi kwanza."

Nukta hiyo haimo kwenye mwongozo wowote. Aliyeiandika programu hakuwahi kuijua. Makarani waliibuni wenyewe kwa sababu mfumo haukuwa na sehemu ya kuandika "asikopeshwe". Sasa fikiria muuzaji wa mfumo mpya anasafisha majina kabla ya kuyahamisha, anaona nukta, anazifuta zote kwa amri moja. Wiki inayofuata wadaiwa sugu wote wanakopeshwa upya, kwa tabasamu.

Andika kila mazoea ya aina hii: alama, namba za bidhaa zenye maana ya siri, mteja bandia anayeitwa CASH au NDUGU, stoo namba 99 ambayo haipo ila inatunza mali iliyovunjika. Kwa kila moja uliza lilianza lini na ni tatizo gani lililitibu. Mengine yatageuka kuwa masharti ya mfumo mpya. Mengine utaona sababu yake ilishakufa.

Uliza pia ripoti zipi zinasomwa. Zile zinazochapwa kila Ijumaa na kuingizwa kwenye faili bila mtu kuzifungua, ziandike kando. Kila ripoti utakayoizika ni fedha usiyomlipa mtu kuijenga upya.

Na mama huyo mweke kwenye timu ya mradi, rasmi, kwa barua. Asipokuwemo atakuwa mpinzani wako, na atakuwa na haki.

Hatua ya 3: Linda kilichopo kwanza

Mradi wa kuhama unaweza kuchukua mwaka au zaidi. Mfumo wa zamani lazima uishi muda wote huo, na hali ya hewa ya Dar haiupendi: unyevu, chumvi ya bahari, vumbi, na umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo.

Anza na nakala rudufu. Kwenye FoxPro usinakili mafaili ya DBF, yaani majedwali yenyewe, peke yake. Maelezo marefu hukaa kwenye mafaili ya FPT na faharasa kwenye CDX. Ukiacha FPT, jedwali linaweza kukataa kufunguka. Nakili folda nzima baada ya watu wote kutoka kwenye programu, weka nakala moja nje ya jengo, kisha fanya jambo ambalo wengi hawafanyi: irudishe kwenye kompyuta nyingine na utoe ankara ya majaribio. Nakala ambayo haijawahi kurudishwa usiitegemee.

Baada ya hapo geuza kompyuta nzima kuwa mashine pepe. Unachukua picha ya diski yote, unaiendesha ndani ya seva mpya, na Windows ya zamani inaendelea kuamini iko kwenye mashine yake. Kwa gharama ndogo umeondoa hatari ya diski kufa. Ifungie intaneti mashine hiyo. Iache izungumze na kompyuta za ofisi zinazoihitaji tu. Weka UPS yenye betri inayofanya kazi kweli, siyo ile inayolia sekunde tano na kuzima.

Angalia pia ukubwa wa data. Jedwali la FoxPro haliwezi kuzidi gigabaiti 2, na faili la Access halikadhalika. Kama faili la mauzo limeshafika gigabaiti 1.7, basi tarehe ya mwisho ya mradi wako imeshapangwa, tena haijadiliki.

Hatua ya 4: Amua hatima ya kila kipande

Rudi kwenye orodha ya hatua ya kwanza. Kila kipande kina njia tano: kiache kilivyo, kihamishie kwenye mashine mpya bila kukigusa, kikarabati, nunua mbadala uliokwishatengenezwa, au kizime. Kuandika upya kutoka mwanzo ni njia ya sita, na naiweka mwisho makusudi.

Kanuni yangu ni rahisi. Jambo ambalo kila kampuni hulifanya vilevile, nunua. Leja, mishahara, risiti za kodi: hakuna sababu ya kumlipa mtu akuandikie leja mwaka huu. Kwanza sheria hubadilika, na aliyeandika programu ya mtu mmoja hawezi kukimbizana nazo. Ukifungua mifumo ya mishahara ya zamani utakuta bado ina safu za PPF na LAPF, mifuko iliyounganishwa kuwa PSSSF mwaka 2018. Ukifungua ya mauzo utakuta VAT imeandikwa ndani ya msimbo, 0.20 imefutwa, 0.18 imewekwa, kwa sababu Julai 2009 kiwango kilishuka kutoka asilimia 20 hadi 18. Kiwango cha kodi kinatakiwa kukaa kwenye jedwali lenye tarehe ya kuanza na kuisha.

Jambo linalowatofautisha ninyi na jirani, kama ile bei ya nondo inayotegemea tani, eneo na urafiki wa miaka, hilo lishike kwa uangalifu. Likihitaji kujengwa, lijenge dogo, pembeni ya mfumo ulionunuliwa.

Kuhusu wingu, yaani mfumo kukaa kwenye seva za kampuni nyingine na kufikiwa kwa intaneti: kwa ofisi ndogo ni bora kuliko seva inayokaa chooni kwa sababu ndipo palipokuwa na nafasi. Lakini tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za SEACOM na EASSy zilipokatika, intaneti ilisuasua nchi nzima. Kaunta ya mauzo isiyoweza kutoa ankara bila intaneti ni kaunta iliyofungwa. Muulize muuzaji mbele ya mashahidi: mtandao ukikatika saa nne asubuhi, keshia anafanya nini? Kisha chomoa waya na uone mwenyewe.

Hatua ya 5: Hama kipande kwa kipande

Kishawishi ni kubadilisha vyote wikendi moja. Aprili 2018 benki ya TSB ya Uingereza ilihamisha wateja wake wapatao milioni 5 kwenda mfumo mpya kwa mkupuo. Takribani wateja milioni 1.9 walijikuta wamefungiwa nje ya akaunti zao, na Desemba 2022 mamlaka zinazosimamia benki ziliitoza faini ya pauni milioni 48.65. Walikuwa na wataalamu na fedha ambazo sisi hatuna.

Njia iliyo salama zaidi ilielezwa na Martin Fowler, mtaalamu wa uandishi wa programu, mwaka 2004, akichukua mfano wa mtini unaoota juu ya mti mwingine: unashusha mizizi kidogo kidogo, unauzunguka mti mwenyeji, mpaka siku moja ule wa ndani haupo tena na mtini umesimama wenyewe. Mfumo mpya unaanza na kazi moja ndogo, ule wa zamani unaendelea na zilizobaki, na kati yao pana daraja linalopeleka data huku na huku.

Kipande cha kwanza kiwe kidogo, kiwe na maumivu yanayoonekana, na kikishindikana kisifunge duka. Kwa kampuni yetu ya Gerezani ningeanza na malipo ya simu. Wateja wanalipa kwa M-Pesa, Airtel Money au Mixx, ujumbe unaingia kwenye simu ya keshia, na jioni mtu anaoanisha ujumbe na ankara kwa kalamu. Jenga au nunua sehemu inayopokea taarifa za malipo, inazilinganisha na ankara, na kumwonyesha karani zile zisizopata mwenyewe. Inahitaji kusoma ankara tu kutoka FoxPro. Haiandiki kitu humo. Kusoma bila kuandika ndiyo njia ya upole ya kuanza.

Kikikaa sawa, chukua cha pili, tuseme wateja na madeni, kisha stoo, mauzo ya kaunta yawe ya mwisho. Hapo daraja litaanza kuwa gumu, kwa hiyo weka sharti moja lisilovunjwa: kila taarifa ina mmiliki mmoja. Kama wateja wameshahamia mfumo mpya, mteja mpya anasajiliwa huko tu, na FoxPro inapokea nakala. Siku mtu akisajili mteja pande zote mbili, utakuwa na Juma Hardware watatu wenye madeni matatu tofauti, na hakuna atakayejua yupi ni wa kweli.

Ofisi za umma zina mambo ya ziada. Sheria ya Serikali Mtandao ya 2019 inaipa e-GA (Mamlaka ya Serikali Mtandao) usimamizi wa mifumo ya TEHAMA serikalini, malipo hupita GePG, mfumo wa malipo ya serikali, kwa kontroli namba, na ununuzi hupita NeST, mfumo wa ununuzi wa umma. Ingiza muda huo kwenye ratiba tangu mwanzo, usiugundue mwezi wa tatu.

Hatua ya 6: Data

Hapa ndipo ratiba hufia. Muuzaji atakuambia kuhamisha data ni siku mbili. Kunakili ni siku mbili. Kusafisha ni miezi.

Waliofutwa hurudi. Kwenye DBF ukifuta mstari hauondoki. Unawekewa alama tu, na unabaki pale mpaka mtu atoe amri ya kulibana jedwali. Kifaa cha kuhamishia kisichoiheshimu alama hiyo kitawafufua wateja wote waliofutwa tangu 1996.

Excel hula namba. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na Excel huhifadhi kwa usahihi tarakimu 15 za mwanzo. Ukiifungua kama namba, tano za mwisho zinageuka sifuri na hazirudi. Namba za simu nazo hupoteza sifuri ya mbele, 0754 inakuwa 754. Kila safu ya vitambulisho, TIN na simu iingizwe kama maandishi, na usiruhusu mtu "aangalie kidogo" faili la CSV kwa kulibofya mara mbili na kulihifadhi.

Simu za zamani ni mtego mwingine. Namba za 0744 za enzi zile zilibadilishwa kuwa 0754, na za 0748 zikawa 0784. Namba ya 0744 kwenye kadi ya mteja wa mwaka 2003 ikipigwa leo inaweza kupokewa na mtu mwingine kabisa. Usitume ujumbe wa madeni kwa namba zote kabla hazijahakikiwa. Kumtangazia mgeni deni la mteja wako ni aibu, na pia ni suala la kisheria, nitaligusa chini.

Tarehe: je, 03/04/05 ni tarehe tatu Aprili au nne Machi, tena mwaka gani? Tafuta miamala yenye siku inayozidi 12 ndipo utajua mpangilio. Tarehe tupu nazo, mifumo mingine itazigeuza kuwa mwaka 1899 au 1970, na mdaiwa ataonekana ana deni la miaka hamsini.

Mviringo wa shilingi: mfumo wa zamani huenda unakokotoa VAT kwa kila mstari na kuviringa kuwa shilingi kamili, mpya unakokotoa kwenye jumla. Bidhaa tatu za shilingi 2,457 kila moja: kwa mstari unapata VAT ya 442 mara tatu, yaani 1,326, kwa jumla ya 7,371 unapata 1,327. Shilingi moja. Zidisha kwa ankara za mwaka na mkaguzi ataiona. Amueni njia moja, ilingane na mashine ya EFD, na iandikwe.

Je, mhamishe historia yote? Mimi husema hapana. Hamisha wateja walio hai, bidhaa zinazouzwa, madeni yaliyo wazi na salio anzia. Miamala ya zamani iache kwenye nakala ya kusomwa tu. Wahasibu watapinga, waulize mara ya mwisho walifungua ankara ya mwaka 2011 lini.

Uhakiki una ngazi tatu. Idadi: wateja waliotoka ni sawa na walioingia pamoja na waliokataliwa kwa sababu iliyoandikwa. Jumla: urari wa mfumo wa zamani na wa mpya, mpaka shilingi ya mwisho, pamoja na jumla ya madeni na thamani ya stoo. Kisha sampuli: karani mkongwe achague wateja anaowajua, wakiwemo wale wenye nukta, aangalie kadi zao kwa macho. Akisema "huyu hayuko hivi," amini kwanza, chunguza baadaye.

Zoezi hili lote lifanye zaidi ya mara moja kwenye mazingira ya majaribio, kwa hati iliyoandikwa hatua kwa hatua, ili siku yenyewe pasiwe na kubuni.

Hatua ya 7: Mkataba

Sina mengi hapa, ila haya yasikosekane. Data ni zenu, na mnaweza kuzitoa zote kwa mpangilio unaosomeka wakati wowote bila malipo ya ziada. Kama programu imeandikwa kwa ajili yenu, msimbo chanzo unakabidhiwa kila awamu, siyo mwisho. Malipo yafuate kazi iliyopokelewa na kusainiwa na mtumiaji, mama wa kaunta akiwemo. Bei iwe kwa shilingi. Kanuni za mwaka 2025 zinazuia kutaja bei za ndani kwa fedha za kigeni, na hata bila kanuni hiyo leseni ya dola inaweza kuwaumiza shilingi ikiyumba.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inawahusu. Anayekusanya na anayechakata taarifa za watu anatakiwa kujisajili kwenye Tume, na kupeleka taarifa hizo nje ya nchi kuna masharti. Muulize muuzaji wa wingu seva zake ziko nchi gani na jibu liwe kwenye maandishi. Na usimpe data halisi za wateja za kufanyia majaribio. Badilisha majina na namba kwanza.

Hatua ya 8: Siku ya kuhama

Chagua tarehe kwa kalenda ya ofisi. Epuka tarehe 7, siku ya PAYE, na tarehe 20, siku ya ritani za VAT. Epuka mwisho wa mwezi, na kama mwaka wenu wa fedha huisha 30 Juni, epuka wiki mbili za pande zote za tarehe hiyo, ingawa bosi atataka "tuanze na mwaka mpya". Wikendi ya katikati ya mwezi, msimu wa mauzo hafifu, inatosha.

Kabla ya hapo endesha mifumo yote miwili sambamba mpaka mfunge mwezi mmoja kamili na matokeo yafanane. Ni kazi mara mbili, watu watachoka na kulalamika, kwa hiyo lipeni muda wa ziada na wekeni tarehe ya mwisho. Usambamba usio na mwisho ni mbaya kuliko kutokuwa nao: watu watarudi kwenye FoxPro kimyakimya na mfumo mpya utakaa na data nusu.

Andikeni mapema masharti ya kurudi nyuma, mkiwa na akili zilizotulia. Mfano: kama saa sita mchana Jumapili urari haujalingana, tunarudi kwenye mfumo wa zamani. Mwenye mamlaka ya kusema turudi awe mtu mmoja, awe jengoni. Vitabu vya ankara vya karatasi viwe vimeshachapwa na viko droo ya keshia.

Wiki ya kwanza kaa kaunta, siyo ofisini. Jambo litakalokushangaza ni kasi. Makarani wa FoxPro hawatumii mausi. Wanapiga F4, namba ya bidhaa, Enter, idadi, Enter, huku wanazungumza na mteja. Mfumo mpya wa kivinjari unawataka waguse visanduku kwa mausi, na foleni inafika mlangoni. Hili lidai kwenye masharti tangu mwanzo: ankara yenye bidhaa kumi itolewe kwa kibodi peke yake, kwa muda usiozidi ule wa mfumo wa zamani. Pima kwa saa. Na maneno ya kwenye skrini yawe yale ambayo ofisi inatumia. Kama wao husema "toa mzigo", kitufe kiandikwe hivyo.

Hatua ya 9: Zima

Mfumo usiozimwa unaendelea kula umeme, leseni na umakini wa watu. Wekeni tarehe. Siku hiyo ondoa haki ya kuandika, acha ya kusoma. Sheria ya Usimamizi wa Kodi inataka kumbukumbu zitunzwe si chini ya miaka 5, kwa hiyo ile mashine pepe ihifadhiwe pamoja na maelekezo ya kuifungua, na ankara, leja na urari wa kila mwaka vitolewe kwa PDF na CSV, kwa sababu huenda baada ya miaka minne asiwepo anayekumbuka kufungua FoxPro. Jaribuni kupata ankara moja ya zamani kutoka kwenye nakala hiyo, mhasibu akiwa ndiye anayeitafuta.

Kompyuta yenyewe isiuzwe na diski yake. Diski iliyotoka kwenye mashine ya mishahara ina akaunti za benki za wafanyakazi wote, na kufuta mafaili hakuziondoi. Itoe, itoboe kwa drili, iandikwe kwenye rejista ya mali kuwa imeharibiwa, watu wawili wasaini. Mabaki yaende kwa mkusanyaji wa taka za kielektroniki mwenye kibali cha NEMC.